Iondoe Taa Juu ya Kamera

Katika nyumba nyingi za askari wetu ipo picha moja ya jamaa wote, imetundikwa ukutani ama imetiwa katika pochi ya mtu aliye mbali. Mara nyingine ndiyo inayomjulisha mtoto mchanga sura ya baba yake. Picha hiyo ikiharibika, hasara yake haifanani na hasara ya picha nyingine.

Mimi nimewahi kuiharibu. Mwaka 2012 jirani yangu mmoja, koplo, alikuwa akijiandaa kwenda Somalia na kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoitwa AMISOM wakati huo, ambako Uganda ilianza kupeleka askari mwezi Machi 2007. Jioni ya mwisho aliniomba nimpige picha pamoja na mkewe na watoto wao watatu. Umeme ulikuwa umekatika, sebuleni ikiwaka chemli. Nikachomeka flashi juu ya kamera, nikawaelekezea, nikafyatua. Nyuso zikatoka zinang'aa kama zilizopakwa samli, macho mekundu, na vivuli vyeusi vimesimama ukutani nyuma yao. Kifungua mimba, aliyeketi nyuma kabisa, alizama gizani. Koplo akaitazama picha, akasema, "Asante sana, mwalimu," akaondoka nayo alfajiri. Adabu ile iliniuma kuliko lawama.

Baadaye nilifahamu kwamba flashi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mahali nilipoiweka. Taa inayokaa karibu na lenzi hupeleka nuru moja kwa moja ndani ya jicho, nayo hurudi na wekundu wa damu iliyo nyuma ya mboni. Tena nuru inayotoka mbele huufuta mwinuko wa pua na mashavu, uso ukawa bapa kama sahani. Sisi wenye ngozi nyeusi umbo la nyuso zetu huchorwa hasa na mng'ao unaotambaa pembeni mwa shavu na paji. Taa ikitoka ubavuni, mng'ao huo hukaa mahali pake. Na mtoto wa nyuma je? Nuru ya flashi hupungua upesi mno: aliye mita 4 kutoka kwenye taa hupata robo tu ya nuru impatayo aliye mita 2. Mama alikuwa mbele, mtoto nyuma. Hesabu ilikuwa imekwisha kabla sijafyatua.

Basi dawa ni kuitoa taa juu ya kamera na kuiweka kando, juu kidogo ya vichwa, kwa mshazari. Jambo hili halihitaji mali nyingi. Tafuta flashi ya mtumba inayokubali kupunguzwa nguvu kwa mkono: nzima, nusu, robo. Usilipie mitambo ya kujipimia yenyewe, kwani taa ikiwa mbali na kamera utapima wewe. Ya kuiwasha kutoka mbali ni vifyatuo vya redio, kimoja juu ya kamera na kingine chini ya flashi. Flashi nyingine zina jicho linalowaka likiona mweko wa flashi ndogo ya kamera, na hizo hazihitaji kifyatuo. Lakini flashi ndogo uiweke katika nguvu ya mkono, maana ile ya kujipimia hutoa mweko wa majaribio kwanza na kulidanganya jicho.

Hapa nawaonya wanunuzi wa mitumba. Baadhi ya flashi za zamani huwa na volti zaidi ya 200 katika ncha zinazogusa kamera, na kamera nyingi za siku hizi haziwezi kuzistahimili. Mwombe fundi azipime, au usiichomeke kabisa juu ya kamera yako. Wala usiifungue kwa udadisi: ndani mna kapasita inayohifadhi umeme mkali hata baada ya betri kutolewa.

Sasa tupime. Kila flashi ina namba yake ya nguvu. Igawe kwa mita zilizopo baina ya taa na mtu, upate namba ya tundu la lenzi. Flashi ya namba 32, kwa ISO 100, ikiwa mita 4 kutoka kwa mtu, inataka tundu la 8. Isogeze hadi mita 2, inataka 16. Ipunguze nguvu hadi robo hapo hapo mita 2, unarudi kwenye 8. Kasi ya kamera iwe 1/125, maana ikizidi sana, sehemu ya picha hutoka nyeusi. Lakini ukiishusha hadi 1/30, nuru ya chemli nayo huonekana nyuma ya watu, na chumba kinakuwa chumba cha kwao.

Kilichobaki ni kuilainisha nuru. Mwavuli mweupe unaopitisha mwanga ni bora, ila shuka jeupe lililotandazwa mbele ya flashi hufanya kazi ileile. Hunywa nuru kiasi, kwa hiyo panua tundu hadi 5.6 au 4, ujaribu. Ukiwa na ukuta mweupe, elekeza flashi ukutani, nuru irudi kwa watu. Ukuta wa bluu au kijani usiuguse: utawapaka watu rangi yake. Stendi si lazima. Mpini wa ufagio uliofungwa kwenye kiti umenitosha miaka mingi. Na kabla ya kufyatua, wape watu kitambaa wajifute jasho.

Jambo moja kwa ndugu zetu wa kambini: ombeni ruhusa kwanza, na mweko wa usiku usielekezwe kabisa kwenye lindo. Mlinzi hajui kama ni picha.

Koplo alirudi mwaka uliofuata. Jioni moja nilikwenda kwake na flashi ya mtumba, vifyatuo viwili na mwavuli. Mkewe akaushika mwavuli hadi nilipomaliza kupima, kisha nikaufunga kwenye ufagio naye akakaa kwa wenzake. Taa niliiweka mita 3 ubavuni, ili wa mbele na wa nyuma wasitofautiane sana. Kifungua mimba aliketi nyuma vilevile, na katika picha hiyo linaonekana hata kovu dogo la paji lake. Koplo aliagiza nakala mbili: moja ya ukutani, moja ya mfukoni.