Andy Williams: Sauti tulivu iliyokusanya familia mbele ya televisheni

Mwimbaji wa Marekani Andy Williams alifariki dunia Jumanne, Septemba 25, 2012, nyumbani kwake katika mji wa Branson, jimbo la Missouri. Alikuwa na umri wa miaka 84. Alifariki kwa saratani ya kibofu cha mkojo, ugonjwa ambao alikuwa ameutangaza mwenyewe akiwa jukwaani Novemba 2011, mbele ya watu waliokuja kumsikiliza akiimba.

Baadhi yenu, wasikilizaji wetu, mnaifahamu sauti yake kuliko jina lake. Ni sauti ya zile nyimbo za taratibu ambazo redio hupiga usiku, watoto wakishalala. Hapa tunaeleza alikuwa nani, kwa nini alipendwa na nchi kubwa yenye mifarakano mingi, na nini cha kujifunza kwetu sisi tunaopenda muziki.

Mtoto wa kijijini aliyelelewa na redio

Howard Andrew Williams alizaliwa Desemba 3, 1927 huko Wall Lake, mji mdogo katika jimbo la Iowa, jimbo la wakulima wa mahindi. Yeye na kaka zake watatu, Bob, Dick na Don, walianza kuimba katika kwaya ya kanisa. Baba yao, Jay, aliona kwamba wanaweza kufika mbali zaidi, akawapeleka redioni. Waliimba katika vituo vya Des Moines, Chicago na Cincinnati. Mwaka 1944 ndugu hao wanne waliitikia nyuma ya Bing Crosby katika wimbo "Swinging on a Star".

Kwa maoni yetu, hapo ndipo ilipo siri ya sauti yake. Mwimbaji wa ukumbini huwaimbia watu mia kwa wakati mmoja. Mwimbaji wa redio humwimbia mama anayepika jikoni, au mzee aliyekaa barazani peke yake. Hana haja ya kupaza sauti. Williams alijifunza hilo tangu utotoni, na alipoingia kwenye televisheni alikwenda nalo.

Kipindi cha nyumba nzima

Mwaka 1962 mambo mawili yalibadilisha maisha yake. Kwanza, aliimba "Moon River" katika sherehe za tuzo za filamu za Oscar. Wimbo huo, uliotungwa na Henry Mancini na Johnny Mercer, ulitoka katika filamu ya mwaka 1961. Ajabu ni kwamba Williams hakuwahi kuutoa kama santuri ya wimbo mmoja. Ulikuwa ndani ya albamu tu. Hata hivyo ndio uliobaki kuwa kitambulisho chake hadi kufa.

Pili, shirika la televisheni la NBC lilimpa kipindi chake mwenyewe, ambacho kiliendelea kwa nyakati tofauti hadi 1971 na kushinda tuzo tatu za Emmy. Kilikuwa kipindi cha burudani ya kila aina: nyimbo, vichekesho na wageni. Enzi hizo Marekani ilikuwa na mashirika makubwa matatu tu ya televisheni, na nyumba nyingi zilikuwa na seti moja sebuleni. Babu, wazazi na watoto walitazama kitu kimoja, wakati mmoja.

Williams pia alifungulia wengine mlango. Baba yake aliwaona vijana wa familia ya Osmond wakiimba, akamshauri mwanawe awaalike. Vijana hao wakawa wageni wa kudumu wa kipindi, kisha wakawa nyota wakubwa wao wenyewe. Vipindi vyake vya Krismasi navyo vikawa desturi ya familia nyingi.

Je, upole ulikuwa udhaifu?

Wapo waliomwona kuwa laini mno. Miaka ya sitini Marekani ilikuwa motoni: vita vya Vietnam, madai ya haki za watu weusi, na mauaji ya viongozi. Nyimbo nyingi za Williams zilihusu mapenzi, majonzi na sikukuu. Anayetaka kuielewa hasira ya vijana wa wakati ule hataipata kwake.

Lakini tusiishie hapo. Williams alikuwa mfuasi wa chama cha Republican, na rafiki yake wa karibu alikuwa Robert Kennedy, seneta wa chama cha Democratic. Kennedy alipouawa Juni 1968, Williams ndiye aliyeimba katika mazishi yake, kanisa la Mtakatifu Patrick, New York. Sisi tunaojua jinsi uchaguzi unavyoweza kuwafanya majirani wasisalimiane, tunaliona hilo kuwa si jambo dogo. Huyu hakuwa mwanasiasa na hakutoa hotuba. Alibaki rafiki, basi.

Aliyenunua nyimbo zake mwenyewe

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana. Kabla ya kuhamia kampuni ya Columbia, Williams alirekodi na kampuni ndogo ya Cadence. Kampuni hiyo ilipofunga shughuli zake mwaka 1964, alinunua kanda zake zote za asili, zikiwemo za kundi la Everly Brothers. Tangu hapo nyimbo zake za mwanzo zikawa mali yake.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu mwenye kanda ya asili ndiye anayeamua wimbo uuzwe wapi na fedha ziende kwa nani. Hapa Afrika Mashariki wanamuziki wengi wa zamani walilipwa mara moja tu baada ya kurekodi. Nyimbo zao tunazipiga hadi leo, wao wamezeeka bila kitu. Kijana unayekwenda studio, usiweke sahihi kabla ya kusomewa mkataba ukauelewa. Isajili kazi yako: Tanzania kuna COSOTA.

Mwisho wa safari

Mwaka 1992, akiwa na miaka 64, umri ambao wengi hustaafu, Williams alijenga ukumbi wake Branson na kuuita Moon River. Mji huo wa vilimani ulijulikana kwa muziki wa kantri, na yeye hakuwa mwimbaji wa kantri. Watu walimfuata huko huko, naye akaendelea kuwaimbia hadi ugonjwa ulipomzuia.

Sauti ya Williams haitapotea, kwa kuwa imehifadhiwa na kanda zina mwenyewe. Wazee wetu wengi wanaojua nyimbo za mavuno, za harusi na za kubembeleza watoto hawana bahati hiyo. Kama kijijini kwako yupo mmoja, simu yako inaweza kumrekodi. Muombe ruhusa kwanza, andika jina lake na tarehe, na umwambie wazi kwamba wimbo huo ni wake.