Makosa ya Mashine Tuwaachie Watoto

Wazazi wenzangu wa Al Wukair, mazoezi mengi tunayotumiwa kutoka nyumbani huja kwa PDF. Unayasoma, lakini huwezi kubadilisha swali wala kuongeza nafasi ya jibu. Programu za bure za kuyafungua zipo. Maoni yangu: tutumie zinazofanya kazi ndani ya kompyuta zetu wenyewe.

Ukurasa uliochapwa kwa kompyuta hufunguka katika LibreOffice Draw, ukarekebisha maneno. Uliopigwa picha unahitaji programu ya kutambua herufi, kama Tesseract, ambayo ina data ya Kiswahili. Usiiache isome kama Kiingereza: "rn" na "m" huchanganywa, na alama ya ng' huweza kupotea, "ng'oa" ikawa "ngoa", neno jingine kabisa.

Tovuti za kugeuza PDF ni rahisi, ila faili lako linakwenda kwenye kompyuta ya watu usiowajua. Hadithi ya sungura na fisi, sawa. Ripoti ya mtoto au nakala ya pasipoti, hapana. Sisi wauguzi hatuachi faili la mgonjwa mezani kwa wapita njia. La mtoto lina tofauti gani?

Nanyi wanafunzi, mashine ikimaliza, kazi ni yenu. Shikeni kalamu nyekundu, mlinganishe na ukurasa wa kwanza mstari kwa mstari. Atakayemrudishia ng'ombe alama yake kwa mkono wake hataisahau kwenye mtihani.