Muirfield Haikufunguliwa kwa Hisani

Wakubwa wa gofu hapa kwetu wana jibu moja wanalolipenda. Waulize kwa nini mashindano ya akina mama huchezwa Jumanne, uwanja ukiwa mtupu na mdhamini akiwa ametuma kofia na fulana tu, watakuambia: wanawake wakicheza vizuri, watu watakuja. Jibu hilo nimelisikia nikiwa na mifuko ya watu begani, tangu nilipokuwa kijana kedi katika klabu moja ya Nairobi. Sikulipinga, maana kedi habishani na mwanachama. Yeye hutaja umbali na upepo, basi. Leo sibebi mfuko wa mtu, kwa hivyo nitabisha, na shahidi wangu yuko Uskoti.

Tarehe 7 Agosti 2022, Ashleigh Buhai wa Afrika Kusini aliingia siku ya mwisho ya Women's Open akiongoza kwa mipigo mitano. Hayo ni mojawapo ya mashindano makuu matano ya gofu ya wanawake duniani, na mwaka ule yalichezwa Muirfield kwa mara ya kwanza. Shimo la 15 nusura limwangamize: penye mipigo minne alitumia saba. In Gee Chun wa Korea Kusini, mwenye mataji makuu matatu kabatini, akamfikia, wakamaliza wote na mipigo 274. Wakarudishwa shimo la 18. Sare. Wakarudishwa tena, na tena. Mara ya nne giza lilikuwa linaingia, na mpira wa Buhai ukawa umelala mchangani kando ya griini.

Mtazamaji akiona mpira mchangani huguna kwa huruma. Kedi huanza kuuliza maswali: mpira umekaa juu au umezama? Mchanga ni mkavu? Ukuta wa mbele una kimo gani, na bendera iko mbali kiasi gani na ukingo? Kedi wa Buhai, Tanya Paterson, ni mwanamke, na alijua jambo ambalo wengi wetu mbele ya televisheni hatukulijua: msimu ule hakuna aliyempita Buhai katika ziara ya LPGA kwa kujinasua mchangani. Buhai akapiga, mchanga ukaruka, mpira ukatua na kuteleza hadi karibu kabisa na shimo. Chun akashindwa kujibu. Kombe likaenda Johannesburg, pamoja na dola 1,095,000. (Mumewe Buhai naye alikuwa kedi, tena wa mchezaji mwingine katika mashindano hayohayo. Nyumba hiyo ningependa kualikwa chakula cha jioni.)

Basi wale wakubwa wangu wangesema: umeona? Wamecheza vizuri, malango yakafunguka. La. Hebu tuangalie lango lile lilifunguliwaje.

Klabu yenye uwanja wa Muirfield inaitwa Honourable Company of Edinburgh Golfers. Ndiyo iliyoandika kanuni za kwanza za gofu, mwaka 1744, na kwa zaidi ya miaka 270 haikuwa na mwanachama mwanamke hata mmoja. Mei 2016 wanachama walipiga kura kama wabadilishe jambo hilo. Asilimia 64 walikubali, lakini ilihitajika theluthi mbili, hoja ikaanguka. Siku hiyohiyo R&A, chombo kinachoendesha Open ya wanaume, kikatangaza kwamba hakitapeleka mashindano yake mahali ambapo mwanamke hawezi kuwa mwanachama. Muirfield ilikuwa imeandaa Open hiyo mara 16. Machi 2017 kura ikapigwa upya na asilimia 80 wakasema ndiyo.

Ni miezi kumi tu. Katika miezi hiyo wanawake wa dunia hii hawakujifunza kupiga mpira mbali zaidi. Kilichobadilika ni kwamba waheshimiwa wale walinyang'anywa kitu wanachokipenda. Wanawake wa kwanza wakapokewa mwaka 2019, na miaka mitatu baadaye Buhai akasimama kwenye mchanga ule. R&A yenyewe si malaika, maana klabu ya St Andrews iliyoizaa ilikubali wanachama wanawake mwaka 2014 tu. Na fedha bado hazijalingana: mwaka 2022 akina mama waligawana dola milioni 7.3, wanaume milioni 14. Lakini mwaka 2018 fungu la akina mama lilikuwa milioni 3.25. Mwenye nguvu akiamua, mambo huenda.

Hapa kwetu nilimbebea mfuko mama mmoja, wakili, aliyelipa ada ileile waliyolipa wanaume. Jumamosi alikuwa haruhusiwi kuanza kabla ya saa sita. Tulikaa chini ya mti, tukitazama wanaume waliohitaji mipigo kumi kumaliza shimo moja wakipita mbele yetu polepole. "Kijana," aliniambia, "hawa nikikutana nao mahakamani wananiita mheshimiwa."

Wala si kwamba hatujaona gofu ya wanawake ya kiwango cha juu. Desemba 2019 ziara ya wanawake ya Ulaya ilifika Vipingo Ridge, Kilifi, na Esther Henseleit wa Ujerumani akashinda. Alishinda tena huko 2022, na mwaka 2024 akapata medali ya fedha ya Olimpiki mjini Paris. Aditi Ashok wa India alishinda Vipingo 2023, Shannon Tan wa Singapore 2024. Naomi Wafula wetu naye amecheza pale. Anayelalamika kwamba watazamaji walikuwa wachache aniambie kwanza ni nani kutoka Kisauni anayeweza kuacha kazi siku ya Alhamisi akapande matatu kwenda mtaa wa kitajiri wenye lango na walinzi.

Kwa hiyo maneno yangu nayaelekeza kwa benki na kampuni za bima zinazoweka majina yao kwenye vibao vya gofu. Kabla ya kutia sahihi, iulizeni klabu maswali matatu. Mwanamke anapiga kura kwenye mkutano mkuu wa mwaka? Jumamosi saa mbili asubuhi, anaruhusiwa kuanza? Akimaliza, kuna chumba asichoweza kuingia kunywa soda yake? Jibu lisiporidhisha, chukueni kitabu chenu cha hundi mwondoke. Nairobi haina uhaba wa viwanja. Kama Thika Road haijafungana, nusu saa inatosha kufika kwenye klabu nyingine.