Hesabu Haijasema Hivyo

Kuna njia mbili za kumnyamazisha anayeuliza fizikia ya kwantamu inasema nini hasa kuhusu dunia. Ya kwanza ni ya mwalimu: wacha maswali, kokotoa, jibu likitoka sawa, shida yako nini? Sisi tuliolelewa kwa kukariri fomula tunaujua mtindo huo vizuri. Ya pili ni ya wale jamaa wa video za dakika moja, taa ya zambarau nyuma, wanaokuambia ati kwantamu imethibitisha akili yako ndiyo inayoumba uhalisia, kwa hivyo tamka gari na gari litakuja. Watu huwaona hawa wawili kama maadui. Mimi naona wa pili kazaliwa na wa kwanza. Swali halali likifukuzwa darasani, tapeli hulipokea nje ya geti.

Tuelewane: hesabu zenyewe hazina ugomvi. Mlinganyo wa Schrödinger wa 1926 unafanya kazi, na bila fizikia hiyo tusingeunda transista zilizojaa ndani ya simu unayoishika sasa. Mambo huanza kuwa magumu pale unapouliza kinachotokea. Hali ya elektroni huandikwa kama vekta, na vekta hiyo hubadilika polepole kwa kanuni isiyo na bahati nasibu hata kidogo. Kisha ukipima, kanuni nyingine inaingia: vekta inaruka ghafla hadi jibu moja, na kabla ya hapo unachopewa ni uwezekano tu. John von Neumann aliziandika kanuni hizi mbili waziwazi katika kitabu chake cha 1932 kuhusu misingi ya kihisabati ya mekanika ya kwantamu. Kitabu kizito, na fani nzima bado imesimama juu yake. Ila hakikuambii kupima kunaanzia wapi. Kwani kifaa cha kupimia si kimeundwa kwa atomu pia? Mbona atomu zake zipewe sheria moja na elektroni maskini ipewe nyingine?

Badala ya kujibu hilo, wengi walikimbilia ukurasa mwingine wa kitabu hichohicho. Humo von Neumann alitoa uthibitisho kwamba haiwezekani kuwe na vigezo fiche, yaani habari za ndani zaidi zinazoamua jibu kabla hujapima. Kwa miaka mingi ukileta hoja ya vigezo fiche uliambiwa: hilo lilifungwa na von Neumann. Nani angebishana na jina kama hilo?

Grete Hermann alibishana. Alikuwa mwanahisabati Mjerumani, mwanafunzi wa Emmy Noether pale Göttingen, na mwaka 1935 aliandika kwamba uthibitisho ule umetanguliza kile unachodai kukithibitisha.

Chukua atomu ya fedha, kama zile ambazo Stern na Gerlach walizirusha kati ya sumaku mjini Frankfurt mwaka 1922. Sumaku ikisimama wima, atomu inapinda juu au chini. Tuite +1 au -1. Ilaze sumaku, unapata tena +1 au -1. Sasa jumlisha vipimo hivyo viwili kwa hesabu za kwantamu. Jumla yake ni kipimo cha tatu, kinachohitaji sumaku iliyoinamishwa nyuzi 45, na majibu yake ni takriban +1.41 au -1.41. Ukichukua atomu nyingi, wastani zinajumlika bila tatizo. Lakini atomu moja? Moja na moja ni mbili, moja toa moja ni sifuri; 1.41 haipatikani popote. Von Neumann alitaka kanuni ya kujumlisha, ambayo ni kweli kwa wastani wa kwantamu, iwe kweli kwa hali fiche zenyewe pia. Ukidai hivyo, lazima vigezo fiche vife. Ila hizo ni sumaku tatu tofauti, ambazo huwezi kuziweka zote mahali pamoja kwa wakati mmoja. Nani alisema majibu yake lazima yajumlike?

Wapo wanaomtetea von Neumann hadi leo, kwamba hakudai makubwa kama alivyosingiziwa. Sawa. Basi lawama iwaendee waliolitumia jina lake kama rungu. Hermann hakusikilizwa. Alikuwa msoshalisti aliyempinga Hitler, na mwaka uliofuata alikuwa ameshaikimbia Ujerumani. Mwaka 1952 David Bohm alichapisha nadharia kamili ya vigezo fiche inayotoa majibu yaleyale ya kwantamu, yaani alifanya kile kilichosemekana hakiwezekani, na wengi wakampuuza. Ni John Bell wa Belfast aliyeona kazi ya Bohm na kushtuka. Uchambuzi wake wa kosa lile ulichapishwa 1966. Hesabu mwenyewe: miaka 31 baada ya Hermann.

Na usiniambie ni falsafa ya watu wasio na kazi. Kwa kung'ang'ania swali hilohilo, Bell alipata mwaka 1964 kipimo cha kutenganisha kwantamu na nadharia yoyote ya vigezo fiche ambayo ndani yake kitu cha huku hakiguswi papo hapo na cha kule. John Clauser alitaka kulijaribu jambo hilo maabarani, akaonywa kwamba atajiharibia kazi. Alilijaribu, 1972. Alain Aspect akaja na jaribio kali zaidi 1982. Tuzo ya Nobel wakaipata 2022 pamoja na Anton Zeilinger. Halafu, amini usiamini, utasikia watu wakisema Bell aliua vigezo fiche vyote. Hakuviua. Nadharia ya Bohm bado hai, kwa gharama ya kukubali mguso huo wa mbali. Ni rungu lilelile, limebadilishwa mkono tu.

Leo tafsiri ziko nyingi mezani: Bohm, Everett na ulimwengu wake unaotawanyika (mimi huwa unanichosha, lakini hesabu zake hazina kasoro), na wengineo. Iko hata ile inayoipa akili ya mtazamaji nafasi katika ule mruko wa vekta, ambayo ndiyo jamaa wa taa ya zambarau wameitundikia koti lao. Wangeulizwa swali moja tu na mtu aliyefundishwa kuuliza: akili hiyo inachagua jibu? Haichagui, hata katika tafsiri hiyo. Uwezekano umeshapangwa na vekta. Iliyoandaliwa na sumaku wima, kisha ikapitishwa kwenye iliyolala, atomu ya fedha itapinda upande huu au ule nusu kwa nusu, uwe umefunga siku tatu ukitamka, uwe umelala fofofo.