Mzee akisahau, usiseme karogwa

Mzee wa Garsen aliyelima kando ya Mto Tana maisha yake yote akianza kupotea njia ya shambani, jirani husema ni uzee tu. Mwingine hunong'ona kwamba karogwa, au yeye mwenyewe ndiye mchawi. Katika kaunti jirani ya Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Basi jambo hili si dogo.

Kusahau ulipoweka miwani ni kawaida. Lakini mtu akirudia swali lile lile mara tano kwa saa moja, akashindwa kuhesabu chenji, au akabadilika tabia, huyo amwone daktari. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wana maradhi ya kudhoofika akili. Alzheimer ndiyo iliyoenea zaidi.

Tatizo ni kipimo. Kile mashuhuri, kilichobuniwa Marekani mwaka wa 1975, humtaka mgonjwa aandike sentensi na kunakili mchoro. Mfugaji wa Kiorma ambaye hakuingia darasani aweza kuanguka mtihani huo akili yake ikiwa timamu, ilhali mwalimu mstaafu akaupita hali ameanza kuugua.

Majirani zetu Watanzania wametuonyesha njia. Wilayani Hai, Kilimanjaro, kulitengenezwa kipimo kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, huambiwa maneno ayakumbuke baadaye, hupanga vijiti vya kiberiti, na kueleza daraja ni nini. Nani Garsen asiyejua daraja?

Kwa maoni yangu, zahanati za Tana River zapaswa kuwa na kipimo cha aina hiyo, kwa Kipokomo na Kiorma pia, kikishajaribiwa hapa kwanza. Kipimo pekee hakithibitishi ugonjwa. Hutuonyesha nani achunguzwe zaidi. Na kuchunguzwa kuna faida, kwani upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, huzuni kuu na hata baadhi ya dawa huleta usahaulifu unaoweza kutibika.

Nawe msomaji uliye Nairobi au Mombasa, ukienda nyumbani Krismasi au Idi, keti na mzazi wako, umsikilize. Uliza kuhusu shinikizo la damu na sukari, maana hayo huudhuru ubongo. Ukiona mabadiliko, mpeleke hospitali, si kwa mpiga ramli.