Taishokoto Si Pambo la Ukutani

Ziko nyumba hapa Mombasa, na Lamu, na Malindi, ambamo juu ya kabati au chini ya kitanda limelazwa sanduku jembamba la mbao, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, lina vifungo juu na nyuzi za waya chini yake. Wenye nyumba wakiulizwa ni kitu gani, hujibu, "Ni taishokoto ya marehemu baba." Wakiulizwa kama bado yalia, hucheka.

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya nichukue kalamu leo. Nasema wazi tangu mwanzo: kumiliki ala ya muziki si sawa na kumiliki sahani ya kale ya Kichina. Sahani ikitundikwa ukutani miaka mia hubaki sahani. Taishokoto ikitundikwa miaka mitano katika hewa yetu hii ya chumvi huwa ubao wenye kutu. Ala yataka mkono wa mtu, na asiyeipa mkono wake hana haki ya kujisifu kuwa anayo.

Wengi wetu hudhani chombo hiki ni cha Kihindi, na dhana hiyo ina sababu zake. Lakini asili yake ni Japani, katika mji wa Nagoya, alikokiunda bwana mmoja aitwaye Goro Morita mwaka 1912. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza wa enzi iliyoitwa Taisho, na koto ni kinanda cha kale cha Wajapani chenye nyuzi 13. Basi taishokoto ni koto ya enzi ya Taisho. Morita aliiona mashine ya taipu ya Wazungu, akavichukua vile vifungo vyake akavipandisha juu ya nyuzi, ili hata mtu asiyesomea muziki aweze kubonyeza na kupata lahani. Kutoka huko chombo kikaenda Bara Hindi, wakakiita bulbul tarang, yaani mawimbi ya bulbul, yule ndege mwimbaji. Mabaluchi nao wakakirefusha na kukiita benju. Kilipotufikia sisi, Waswahili tukalihifadhi jina la Kijapani ambalo majirani zetu walilitupa.

Kazi yake si ya ajabu ukiielewa. Nyuzi zimelazwa juu ya sanduku, na chini yake pamepangwa vijiti vyembamba vya madini, kimoja baada ya kingine. Ukibonyeza kifungo kwa mkono wa kushoto, ulimi wa chuma huishusha nyuzi ikagusa kijiti, nayo huwa fupi, sauti ikapanda. Mkono wa kulia ndio unaodonoa. Ukiachia, springi hukirudisha kifungo mahali pake. Ziko nyuzi zinazobeba lahani, na uko uzi mwingine usioguswa na kifungo chochote, kazi yake ni kuvuma chini kwa chini kama mtu anayeitikia. Katika taishokoto za zamani kila kifungo kimeandikwa tarakimu, na mtoto anayejua kuhesabu mpaka saba huweza kuanza siku hiyo hiyo.

Haifai kukisifu chombo kwa kisichokuwa nacho. Taishokoto haiwezi yote yawezwayo na udi. Udi hauna vijiti shingoni mwake, kwa hiyo kidole cha mpigaji hupata zile sauti za katikati, nusu ya nusu, ambazo ndizo roho ya rasti na bayati za Kiarabu. Aliyewahi kumsikia marehemu Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki mwaka 2016, ajua nasema nini. Taishokoto sauti zake zimekatwa tayari, nawe huna la kuongeza baina ya kifungo na kifungo. Lakini kwa lahani zilizotujia kutoka sinema za Kihindi, na kwa mwendo wa chakacha, haina mpinzani. Hulia kwa haraka, hulia kwa ukali, na juu ya mshindo wa ngoma za harusi sauti yake hupenya mpaka uchochoro wa tatu. Msikilize Zuhura Swaleh katika zile nyimbo za Jino la Pembe, alizozirekodi pamoja na kundi la Maulidi na zikatolewa London katika miaka ya 1990, utaisikia taishokoto ikimjibu mwimbaji neno kwa neno, kama wifi wawili uani.

Mimi ni mtu wa mashairi, na hapa ndipo penye maslahi yangu. Taarab kwetu ni maneno kwanza. Mtunzi hukaa usiku akapima vina na mizani, akaficha neno lake ndani ya neno jingine, kisha akalikabidhi kwa wapigaji. Baadhi ya ala hulifunika neno hilo. Taishokoto hulibeba, kwa sababu hupiga nyuzi moja ya lahani ile ile aimbayo mwimbaji, kisha hunyamaza na kumwachia nafasi. Anayetunga hujua kuwa shairi lake litasikika mpaka kituo cha mwisho.

Najua wako wasomaji watakaouliza neno la sheria. Maulamaa wamekhitilafiana juu ya ala tangu zama za kale, na mimi si mufti. Anayejiepusha namheshimu, wala makala haya hayamwiti. Nazungumza na yule ambaye tayari chombo kimo nyumbani mwake, na harusi yake haimalizi bila taarab. Huyo namuuliza: mbona kile ulichonacho wakiacha kioze, kisha wakodi cha mwenzio?

Jawabu nisikialo mara nyingi ni kwamba matengenezo yake ni magumu. Si kweli. Yangu nilipewa na mjomba wangu, aliyekuwa fundi cherehani, na matunzo yake yote yamo katika kikapu kimoja cha ukili. Nitayataja moja moja, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Adui wa kwanza ni chumvi. Waya wa chuma katika mji wa bahari hula kutu hata usipoguswa, na jasho la vidole huongeza. Baada ya kupiga, pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, uzi kwa uzi, juu na chini. Ni kazi ya dakika mbili. Waya ukishaota madoa meusi usiusugue kwa msasa. Uondoe, utie mpya. Waya mwembamba kabisa wa gitaa hufaa, nao hupatikana madukani. Badilisha mmoja mmoja, usizikate nyuzi zote pamoja, kwa maana kile kidaraja zinapopita huwa kimeshikwa na mvuto wake tu, na ukizilegeza zote huhama, ukasumbuka kutwa kukitafutia mahali pake.

Adui wa pili ni joto. Sanduku limegandishwa kwa gundi. Ukiliacha dirishani penye jua la kaskazi, au nyuma ya gari, gundi hulegea na mbao hupinda. Mahali pake ni ndani, penye kivuli na hewa, mbali na ukuta unaotoa unyevu wakati wa mvua za masika. Lifunike, lakini si kwa nailoni, kwani nailoni hufungia unyevu ndani. Kitambaa cha pamba, hata kipande cha kanga kuukuu, chatosha. Na tazama chini yake mara kwa mara: ukiona unga mwembamba kama wa mahindi, bungu ameshaingia mbaoni.

Adui wa tatu ni mafuta ya nazi. Ndiyo, haya haya tunayoyatia kila mahali. Nimewaona watu wakiyapaka kwenye vifungo ili vilainike. Baada ya mwezi hushika vumbi, yakaganda, na kifungo kikishuka hakipandi tena. Mjomba alitumia mafuta ya cherehani, tone moja kwenye ncha ya sindano, tena kwenye vigingi vya kukazia nyuzi peke yake. Vifungo aliviondolea vumbi kwa burashi laini, na springi iliyochoka aliibadilisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Zaidi ya hayo, hapana kubwa. Kupatanisha nyuzi kwataka sikio, na sikio hupatikana kwa mazoezi. Zifananishe kwanza nyuzi za lahani mpaka zitoe sauti moja, ndipo uushushe ule wa kuvuma uwe chini yake. Robo saa kila jioni yatosha kukifanya chombo kizima na mkono mwepesi. Mimi hupiga baada ya chakula cha usiku, bila kipaza sauti, mlango umerudishwa, kwa ajili ya watu wa nyumbani tu. Wajukuu wa jirani huja wakakaa juu ya mkeka, na mmoja wao, msichana wa miaka tisa, sasa hushika lahani mbili bila ya kutazama tarakimu. Raha hiyo haihitaji kundi, wala jukwaa, wala malipo.

Huenda mtu akasema kwamba zama za chombo hiki zimepita, na lililopita halirudi. Natoa mfano wa mbali. Katika milima ya Appalachia huko Marekani kuna ndugu wa taishokoto aitwaye dulcimer. Naye ni sanduku refu jembamba, hulazwa mapajani, kwa kawaida ana nyuzi tatu tu, na mbili kati yake huvuma. Babu yake ni chombo cha Wajerumani kiitwacho scheitholt. Wazee wa milimani walikuwa wakibonyeza nyuzi kwa kijiti na kudonoa kwa unyoya wa bata bukini, kama vile wapiga udi wa kale walivyotumia unyoya wa tai. Na ndiyo maana Waarabu hukiita kidonoleo risha, yaani unyoya.

Chombo hicho kilikuwa cha watu maskini, nje ya milima yao hakikujulikana sana. Katika wilaya ya Knott, jimbo la Kentucky, alikuwako seremala aitwaye James Edward Thomas, aliyeanza kuviunda mwaka 1871 na kuendelea mpaka miaka ya 1930, vipatavyo 1,500, akivitembeza kwa mkokoteni na kuvipiga njiani ili watu wanunue. Aliyejifunza kwake, Jethro Amburgey, akaja kufundisha useremala katika shule ya Hindman, iliyoanzishwa mwaka 1902, naye akaunda mamia kwa mamia. Kisha akatokea Jean Ritchie, aliyezaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Viper, mtoto wa mwisho kati ya 14. Alikwenda New York kufanya kazi na watoto, akachukua dulcimer ya kwao, akaipiga. Mwaka 1963 akatoa kitabu cha kuwafundisha watu kuipiga. Bibi huyo alifariki mwaka 2015. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Kentucky ilikwisha kuitangaza dulcimer kuwa ala rasmi ya jimbo.

Tazameni mpango wake. Serikali ilikuja mwisho kabisa. Kwanza alikuwako fundi, kisha mwanafunzi wa fundi, kisha binti aliyekichukua chombo cha nyumbani kwao bila ya kukionea haya mbele ya watu wa mjini. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sisi je? Mafundi wa mbao tunao. Anayechonga mlango wa Lamu hashindwi na sanduku la taishokoto. Washairi tunao. Tulichopungukiwa ni hicho cha tatu, mtu wa kukitoa chombo kabatini. Siwalaumu vijana wanaotumia vinanda vya umeme. Kinanda cha umeme hakili kutu, na mtu mmoja hushika nafasi ya watu sita, naye mwenye harusi huokoa fedha zake. Lakini kinanda hicho kikitaka kulia kama taishokoto huiga sauti iliyonaswa kwa mtu aliyeipiga. Wapigaji wakiisha, kitaiga nani?

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, usiiuze kwa watafutao mapambo. Nimeiona moja katika ukuta wa hoteli, imetundikwa baina ya kasia na ungo, haina hata waya mmoja, na vifungo vitatu vimeng'oka. Aliyeiuza alipata kitu kidogo, na hapana shaka alikuwa na shida yake. Lakini watoto wake hawataisikia tena.

La pili lawahusu wazee wenzangu. Tukifa, mali zetu hugawanywa kwa hesabu ya mirathi, na hesabu hiyo ni ya haki. Lakini sanduku la mbao halikatwi mafungu. Warithi watano hawatalipiga wote watano. Wataliuza wakagawana, au litabaki bila mwenyewe mpaka bungu alimalize. Basi kama yuko mtoto, awe wako au wa dada yako au wa jirani, ambaye ukipiga husogea karibu, mpe sasa, ungali hai na akili zako timamu, mbele ya mashahidi, iwe zawadi yake halali. Mpe na kikapu cha matengenezo, na umwonyeshe wapi pa kutia lile tone la mafuta. Mjomba wangu alifanya hivyo miaka thelathini iliyopita, na taishokoto yake jana usiku ilikuwa yalia.