Mzaha wa Kericho na 'wabara' wetu: utani ukomee wapi?

Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu hadi Chuo Kikuu cha Kabianga, kule Kericho. Tulipomaliza mambo ya usajili, nikapanda matatu kwenda Bomet kumjulia hali rafiki yangu niliyefanya naye kazi Mombasa miaka mingi. Barabara inapita Litein na Kapkatet, kushoto chai, kulia chai.

Makanga aliona kofia yangu tu akaanza: "Mzee wa Mombasa, leo umeamka mapema! Mnazi umemwachia nani?" Gari zima likacheka. Nikamjibu: "Nimemwachia ndugu yako. Alikuja likizo Mombasa, akakataa kurudi kuchuma majani." Wakacheka zaidi, na yeye akacheka kuwashinda wote. Kisha akamgeukia mama mmoja Mkisii aliyepanda na mikungu ya ndizi, akamwambia zile ndizi zilipe nauli kwa sababu zimekaa kiti cha mtu. Mama akamrudishia kwa Kikipsigis, tena cha haraka, makanga akabaki kushika kichwa. Nilifurahi. Nikasema moyoni, hii ndiyo Kenya tunayoitaka.

Mazungumzo yakahamia siasa na uchaguzi wa Agosti 2027. Kijana mmoja wa kiti cha nyuma akasema huku akicheka: "Mwaka huo tutapalilia shamba vizuri." Wawili watatu wakacheka naye. Mama wa ndizi akageuza uso akatazama nje. Makanga akaongeza sauti ya redio. Mimi mtu wa Pwani nilidhani anazungumzia shamba.

Jioni mwenyeji wangu ndiye aliyenifungua macho. "Ukipalilia unang'oa nini?" akaniuliza. Nikamwambia kwekwe. "Basi. Na kwekwe ni nani, ndani ya ile gari?"

Wasomaji wangu, neno lile si geni. Katika machafuko ya mwanzoni mwa miaka ya tisini huko Bonde la Ufa, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jirani wa kabila jingine aliitwa "doadoa", na madoadoa husafishwa. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika machafuko yale ya 2007 na 2008. Kericho haikusalimika. Wachuma majani chai kutoka jamii nyingine walishambuliwa na wengi wakakimbia mashamba waliyoyafanyia kazi miaka nenda miaka rudi.

Januari 2022, Mithika Linturi, wakati huo Seneta wa Meru, alilitamka neno madoadoa katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret. Siku ya pili akakamatwa. Alijitetea kwamba hakukusudia kabila la mtu, akaomba radhi. Miezi michache baadaye, Aprili, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikatoa orodha ya maneno zaidi ya 20 yanayochochea chuki. Madoadoa yamo. Kwekwe imo.

Tume ilifanya wajibu wake, lakini tazama alichofanya yule kijana. Hakutamka madoadoa wala kwekwe. Alitaja kupalilia, kazi ya halali ambayo kila mkulima anaifanya. Askari angekuwamo garini angemkamata kwa kosa gani? Ndiyo nguvu ya fumbo. Anayelengwa analielewa, anayeshangiliwa analielewa, na mgeni kama mimi linampita. Aliyelisema ana mlango wa kutokea: "Mimi nilikuwa natania tu." Ukikasirika, wewe ndiye unaonekana mgomvi usiyejua mzaha. Orodha ikichapishwa leo, kesho patapatikana neno jingine, kwa kuwa Kiswahili hakina upungufu wa maneno.

Sasa nisije nikaonekana nimesafiri hadi milimani kuwahukumu watu kwenye nyumba yao. Katika orodha ile ile ya Tume, kuna maneno "wabara waende kwao". Hayo hayakutoka Kericho. Hayo ni yetu.

Sisi tunasema "wabara" kila siku, na mara nyingi hatuna nia mbaya. Mbara hajui kula biriani kwa mkono, mbara anaogopa bahari, mbara Kiswahili chake kimevunjika mguu. Tunacheka, na wao wanacheka. Lakini tuliokuwa vijana mwaka 1997 tunakumbuka Agosti 13, kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa, askari wakauawa, kisha watu wa bara wakaanza kusakwa na kuchomewa nyumba na vibanda. Neno lililotumika kuwatambulisha ni lile lile tulilokuwa tukilitania barazani. Serikali ilipounda Tume ya Jaji Akiwumi mwaka 1998, tume hiyo moja ndiyo iliyochunguza damu ya Bonde la Ufa na damu ya Likoni. Tulikuwa faili moja na watu wa Kericho, na sidhani wengi wetu tunalijua hilo.

Wazee wetu walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Hawakusema tuache mzaha, kwani wao wenyewe walikuwa mafundi wa utani. Walichojua ni kwamba utani una watani. Ni wa watu wawili, huyu anarusha na yule anarudisha, na hakuna anayelala na kinyongo.

Hapo ndipo ninapoona kipimo, na hakihitaji tume wala mahakama. Makanga aliponitania habari ya mnazi, nilikuwa na jibu, na jibu langu likampendeza. Mama alipotaniwa kwa ndizi, alijibu akashinda. Aliposikia habari ya kupalilia, hakuwa na jibu. Angejibu nini? Angejibu kwa lugha gani, akiwa peke yake, na safari bado haijaisha? Mzaha ambao mwenzako hawezi kuurudisha kwa kuhofia usalama wake si utani tena. Ni onyo lililovishwa kicheko.

Dini yetu ilishatangulia. Suratul Hujurat, aya ya 11, inatukataza watu kudharau watu wengine na kuitana kwa majina mabaya, na inatukumbusha kwamba huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Haikusema isipokuwa wakati wa kampeni.

Kuelekea 2027, wanasiasa watakuja na mafumbo mapya, na watayajaribu kwanza kwa kuchekesha. Wakiona tumecheka, watajua njia iko wazi. Kwa hivyo kazi kubwa ni ya sisi tunaosikiliza, kuliko ya yule anayesema. Ile matatu ilikuwa na watu kumi na wanne. Angetokea mmoja tu, mtu mzima wa pale pale, akauliza kwa upole, "Kijana, unapalilia shamba la nani?", ule mzaha ungefia pale pale. Hakutokea. Mimi mwenyewe sikuelewa, na hata ningeelewa, sina hakika ningethubutu.

Lakini barazani kwetu, Likoni, Kisauni, Malindi, naelewa kila kitu. Nikisikia habari ya wabara inaanza kugeuka, sina udhuru wa ugeni. Wewe msomaji pia huna. Mama alishukia njiani na mikungu yake. Makanga alimsaidia kuishusha, akamwambia "kongoi", yaani ahsante. Mama hakumjibu.